Mkebe B Haukuwa wa Kumwagiliwa

Baba yangu mpendwa,

Salamu zitafuata. Kwanza nataka ujue kwamba bado nimekukasirikia, na ni kwa sababu ya maharagwe.

Unajua ni maharagwe gani. Nilikuwa kidato cha pili, nasoma shule ya kutwa, na Madam Nyambura wa baiolojia alikuwa ametupa jaribio la kufanyia nyumbani kwa wiki moja. Mikebe miwili, pamba, na mbegu tano za maharagwe katika kila mkebe. Mkebe A unapewa maji kila siku. Mkebe B haupewi hata tone. Halafu unaandika ripoti: lengo, vifaa, utaratibu, ulichoona, hitimisho. Basi. Nilibandika karatasi yenye herufi kwenye kila mkebe, nikaipanga dirishani jikoni, nikakuita nikakueleza. Nilikueleza kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kipsigis, ili usije ukasema hukuelewa.

"Huu wa pili usiguswe, Baba."

"Sawa. Lakini hizo mbegu zimekosa nini?"

"Hazijakosa kitu. Ni sayansi."

"Sawa."

Hiyo sawa yako, Baba! Hadi leo mtu akiniambia sawa kwa sauti ya chini namna ile, najua hakubaliani nami hata kidogo.

Siku ya nne mbegu za mkebe A zilipasuka maganda. Siku ya tano, za mkebe B nazo zikapasuka. Nilisimama pale dirishani na sare yangu ya shule, nikidhani nimegundua jambo ambalo dunia nzima haijalijua. Kisha nikagusa pamba. Ilikuwa imelowa chapa. Nikatoka mbio hadi zizini, nikakukuta unafunga ndama.

"Baba, nani ametia maji kwa mkebe wa pili?"

Hukujificha, hata aibu hukuona. "Mimi. Kila asubuhi nikitoka kukamua."

"Nilikuambia usiguse!"

"Zilikuwa kavu, Chepkoech. Mtu atapita hapo kila siku aangalie mbegu ikikufa na maji iko hapo kwa jagi?"

Nifanye nini na mzazi kama huyo? Ripoti ilikuwa inatakiwa baada ya siku mbili, na hakukuwa na muda wa kuanza upya. Nikaandika kile ambacho darasa zima lingeandika, kile kilichokuwa kwenye kitabu: katika mkebe B, hakuna mbegu iliyoota. Nikachora na jedwali lenye mistari iliyonyooka kwa rula. Lilikuwa jedwali zuri sana.

Ungeniacha hapo tungekuwa salama. Lakini ilikuwa desturi yako, baada ya kupeleka majani ya chai kwenye kituo na kuvua gambuti, kukaa kwenye stuli na kuniambia, "Nisomee ya leo." Nami nilisoma Kiingereza kisha nikakutafsiria, mstari kwa mstari, nawe ukitikisa kichwa kana kwamba unapokea habari za jamaa wa mbali. Siku ile ningeweza kukutafsiria chochote, hungejua. Kwa kuchoka, na kwa hasira, nikakutafsiria kilichoandikwa.

"Hazikuota?" ukauliza.

"Ndiyo. Hazikuota."

Ukainuka, ukaleta mkebe kutoka dirishani, ukaniwekea juu ya daftari. "Na hizi ni nini?"

"Baba, hizo hazifai kuota. Kitabu kinasema bila maji haziwezi."

"Kitabu kilikuwa hapa?"

Nikakunyang'anya daftari, nikaenda kulala bila kukuaga.

Siku iliyofuata tulikuwa maabara, masomo mawili mfululizo, ripoti zote zimerundikwa mezani kwa Madam. Mlango ukabishwa. Ukaingia wewe. Ulikuwa umevaa koti la kanisani na gambuti zenye tope, na mkononi umeshika mkebe B kama mtu anayebeba sakramenti. Wasichana arobaini wakageuka. Nilitamani sakafu ipasuke.

"Mwalimu, mimi si mtu wa shule," ukasema. "Lakini huyu mtoto ameandika kitu haikuwa. Hizi mbegu ziliota. Usimchape. Makosa ni yangu, mimi nilitia maji."

Madam akautazama mkebe, akanitazama mimi. "Kwa nini ulitia maji, mzee?"

"Zilikuwa kavu."

Darasa likaangua kicheko, Baba, hadi msichana mmoja akaanguka kutoka kwenye stuli. Ulicheka nao, ukashukuru, ukaenda zako kuchuma chai. Mimi ndiye niliyebaki. Madam alipiga mstari mwekundu juu ya jedwali langu zuri, akaandika sifuri, akaniambia niandike upya na kila kilichotokea kiingie ndani. Hadi namaliza kidato cha nne, jina langu pale shuleni lilikuwa Zilikuwa Kavu. Hata mpishi aliniita hivyo.

Jioni ile nilikuambia sentensi moja tu. Ulikuwa mlangoni, kikapu cha majani mgongoni. Nikasema, "Umeniharibia masomo." Ulishusha kikapu polepole, ukaingia zako ndani.

Tangu siku hiyo hukuniambia tena, "Nisomee ya leo."

Mwanzoni nilifurahi. Baadaye nikaanza kusubiri, na kusubiri kukageuka kinyongo. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne, hukuuliza umekuwaje. Siku ya kupewa zawadi shuleni ulimtuma Mama. Nilipokwenda chuo kusomea kazi ya maabara, ulinisindikiza hadi barabarani, ukanizungumzia habari za ndama njia nzima. Nilisema moyoni, baba yangu hajali. Na kwenye karamu ya kuhitimu kwangu ulisimama mbele ya jamaa ukasema, "Huyu amesoma peke yake. Mimi nilijaribu kusaidia mara moja, nikaharibu." Watu wakacheka. Nami nikacheka, sahani ya wali mkononi.

Wiki mbili baada ya kukuzika, mimi na Mama tulikuwa tunakunja nguo zako. Akaniambia, hivi hivi tu, kama mtu anayeniuliza chumvi iko wapi: "Baba yako alikuwa anaogopa vitabu vyako. Ukisoma, alikuwa anakuja hapo mlangoni anasimama, halafu anarudi. Alisema akiingia ataharibu tena."

Nilitoka nje, nikatembea katikati ya chai hadi sketi ikalowa umande. Baba, wewe! Wewe uliyeweza kuingia maabara ya wasichana na gambuti, ukashindwa kuvuka kizingiti cha nyumba yako mwenyewe? Miaka yote hiyo, kwa neno la mtoto wa kidato cha pili? Ungenigombeza basi. Ungesema nina kiburi. Ungeuliza hata mara moja, ile ripoti ya pili iliendaje.

Kwa sababu hukuuliza, nami sikusema. Hili ndilo lililonikalisha leo kuandika.

Ripoti ya pili niliiandika kama Madam alivyotaka. Chini ya makosa ya jaribio niliandika kwamba baba ya mwanafunzi alimwagilia mkebe B kila asubuhi baada ya kukamua, kwa kuwa alizihurumia mbegu. Kwenye hitimisho nikaandika kwamba mbegu zote zilizopata maji ziliota, hata zile ambazo hazikutarajiwa. Madam aliisoma mbele ya darasa, na safari hii hakuna aliyecheka. Nilipata kumi na tisa kwa ishirini. Hakuna aliyenishinda. Chini aliandika kwa wino mwekundu: "Mshukuru baba yako."

Niliikunja, nikaificha chini ya godoro. Nilitaka uumie kidogo, wiki moja hivi. Wiki ikawa muhula, muhula ukapita, halafu nikaona aibu kuitoa.

Kumi na tisa, Baba. Hukuharibu kitu.

Lala salama.

Binti yako,
Chepkoech