Programu Iliyonisahau

Alhamisi, 2003

Na itangazwe Machakos yote kwamba leo stima iliporudi, programu yangu ya kuandikia kwenye kompyuta ilifunguka na ukurasa mweupe, kana kwamba hatujawahi kuonana.

Tangu asubuhi nilikuwa nikimpigia Mama Mueni chapa wasifu wa marehemu mumewe, yeye akinisimulia. Mazishi ni kesho, Mitaboni.

“Hata mbuzi wangu akifunguliwa anarudi pale alikuwa anakula,” alisema. “Hii yako ilisomea wapi?”

Nikamwambia walioiunda hawajawahi kupotelewa na stima. Mtu akifungua tena, si umrudishie tu kazi yake?

Ikabidi anisimulie yote upya. Akalia palepale alipolia asubuhi.

Sikumwambia kwamba programu ilipofunguka iliniuliza kama naitaka kazi ya awali. Nilibonyeza hapana, kama ninavyoijibu kila ikiniuliza kitu.