Jina la Kaka, Mguu Wangu

Alhamisi, Cheyo, Tabora mjini. Magharibi imeshapita.

Joto. Mawingu yamekaa juu ya mji tangu Jumatatu, hayanyeshi wala hayaondoki, na paja langu linauma kama kawaida yake mvua ikikaribia. Mama Asha, mpangaji mwenzangu, ameniletea ugali na mlenda. Nimeufunika. Nataka kwanza niandike nililolifanya leo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua, nikilala nalo mpaka asubuhi nitakuwa nimeshajipatia sababu kumi.

Leo nimeiba dole gumba la kaka yangu.

Daftari hili simsomei mtu, lakini nikifa watalifungua, kwa hiyo nianzie mwanzo.

Wakati wa vita vya Burma, mwanangwa, yule mtu wa mtemi aliyesimamia kijiji chetu cha Kwihara, alikuja na orodha. Kila nyumba mtu mmoja. Kwetu aliandikwa kaka yangu Maulidi, kwa kuwa ndiye mkubwa. Maulidi alikuwa na ndoa ya miezi mitatu na mkewe Zuhura alikuwa mjamzito tayari. Mimi nilikuwa sina mke, sina shamba, nina mdomo tu. Baba akakata shauri: Hamisi ndiye atakayekwenda, lakini kwa jina la Maulidi, kwa sababu jina likishaandikwa bomani halifutiki. Maulidi na Zuhura wakaondoka kimya kimya kwenda misitu ya Ugalla kwenye mizinga ya nyuki. Majirani wakaambiwa kwamba mkubwa ameenda vitani, mdogo ameenda kurina asali, na bibi harusi amerudi kwao kujifungua.

Nikawa Maulidi kwa miaka minne. Masajini walinitukana kwa jina hilo na mimi nikaitika. Nilipanda meli kwa jina hilo, nikatapika, nikavuka matope yanayofika kiunoni, na kipande cha bomu kikaniingia pajani kwa jina hilo hilo.

Tuliporudi, baba alikuwa bado hai na bado alimwogopa mtemi. Akatukalisha wote wawili, akatuapisha kwa Msahafu kwamba yaliyosemwa yabaki yalivyosemwa. Basi Maulidi akawa amerudi kutoka Burma, na mimi nikawa nimerudi kutoka Ugalla. Na mguu je? Nilianguka mtini nikirina asali.

Unaweza kucheka. Watu wa Kwihara wanacheka hadi leo, inakaribia miaka thelathini. Jina langu pale ni Mrina. Kwenye kila msiba watani zangu hunionyesha mti mrefu kuliko yote na kuniuliza kama nauweza, nami hucheka nao, kwa sababu mtu asiyeuweza utani ataonekana ana neno. Mke wangu, Mungu amrehemu, aliukanda mguu huu kwa mafuta ya karanga kila kipupwe, na amekufa akijua kwamba nilianguka mtini. Sikumwambia. Nililala naye miaka kumi na tisa nikamficha kitu kilichokuwa mwilini mwangu.

Nishani tatu zilifika bomani na mwenye jina akazichukua. Wa kulaumiwa ni mimi, maana mimi ndiye niliyemfundisha. Jioni kwa jioni nilimkalisha Maulidi nikamweleza meli, matope, nyumbu waliobeba risasi, majina ya masajini, chakula, baridi ya milimani, ili asije akaulizwa na mtu akababaika tukafungwa wote pamoja na mzee. Alijifunza vizuri mno. Anaisimulia Burma kwa ufundi kuliko ninavyoweza mimi, anajua pa kunyamaza na pa kupandisha sauti. Sherehe za uhuru alizivaa nishani zote tatu. Watu walipohamishwa kuja kwenye kijiji cha ujamaa, yeye ndiye aliyechaguliwa mwenyekiti, maana aliyepigana na Wajapani atashindwaje kugawa mbegu? Na ni mwenyekiti mzuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Lakini ilikuwepo nishani ya nne, ya ushujaa. Hiyo hakuithubutu, kwa sababu ilitakiwa kukabidhiwa mkononi na kepteni aliyeijua sura yangu. Waliita mara mbili, mwenye jina hakutokea, ikarudishwa.

Wiki tatu zilizopita redio ilitangaza kwamba afisa wa kumbukumbu za askari wa zamani atakuja Tabora kwa siku tatu, na mwenye kasoro katika kumbukumbu zake aje zirekebishwe. Nilikuwa kibandani kwangu Kanyenye nashona soli. Nikajichoma msumari.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa Maulidi. Alikuwa ameshaanza kuugua kifua. Nilimpigia magoti, mimi mwenye mguu huu, nikamwambia kaka, baba amekufa, mtemi hana tena utemi, kiapo kile kinamlinda nani? Akanitazama sana. Akasema, "Hamisi, ningoje nife kwanza."

Jana nikasimama mbele ya afisa. Mtu mwenye miwani, mpole, hana haraka. Nilimweleza yote, akaandika yote. Nikamwonyesha kovu, akasema wenye makovu ni wengi. Nikamwomba wanilinganishie dole gumba na lile la kwenye jalada, akageuza jalada nilione: ni nakala, na dole langu ni doa jeusi tu, hata mimi nisingelitambua. Halafu akanipa karatasi.

"Mzee wangu, mwenye jina athibitishe kwamba hakwenda. Aweke dole kwa hiari yake. Na awe hai siku ninapoipokea. Ya marehemu sipokei, nitakuuliza na utaapa."

Kesho Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho. Anafunga saa sita mchana, kisha anawahi treni.

Nimejiuliza ninachotaka hasa. Sitaki gwaride. Sitaki kiti cha mbele. Nimechoka kuwa mtu aliyeanguka mtini, basi. Nataka iwepo karatasi moja duniani, hata ikae kabatini Dar es Salaam ikiliwa na mende, yenye kusema kwamba Hamisi bin Kasimu alikuwepo.

Leo asubuhi nilipanda baiskeli hadi Kwihara, nikikanyaga kwa mguu mmoja na ule mwingine ukining'inia. Nilimkuta Maulidi amelala. Amebadilika. Mashavu yameingia ndani, na kila pumzi anaivuta kwa shida. Daktari amewaambia warudi naye nyumbani, na sote tunajua maana yake. Shemeji Zuhura alinipokea vizuri, akaniambia nikae naye kidogo yeye akapike uji.

Nikabaki peke yangu naye. Niliapa moyoni kwamba nitamwamsha na kumwomba tena. Nikamwita mara moja, kwa sauti ambayo isingemwamsha hata paka. Kisha nikafungua mfuko wangu wa kazi nikatoa dawa ya viatu, nyeusi, kwa sababu wino sikuwa nao. Nikampaka dole gumba. Mkono ulikuwa wa moto na mwepesi. Nikaushusha kwenye karatasi, nikabonyeza.

"Umepaka kidogo," akasema. "Ongeza."

Macho yalikuwa wazi. Sijui yalifunguka saa ngapi.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikasema "Shikamoo kaka," neno la kipumbavu kabisa wakati ule, na yeye akaitikia "Marahaba" kama vile nimeingia sasa hivi. Akainua dole mwenyewe, akangoja. Nikampaka tena, naye akaliweka pembeni ya lile la kwanza, akalikandamiza mpaka ukucha ukawa mweupe.

"Sasa nisomee. Kwa nguvu, Zuhura asikie."

Nikasoma. Mimi, Maulidi bin Kasimu wa Kwihara, nathibitisha kwa hiari yangu kwamba sikwenda vitani, na kwamba aliyekwenda kwa jina langu ni mdogo wangu. Ni mistari minne tu. Nilipoinua uso, shemeji alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Alikuwa Ugalla naye, hakuna alichokisikia kipya. Lakini kulisikia likisomwa ni jambo jingine.

"Na mimi nitawaambia nini wanangu, shemeji?" akaniuliza.

Hakusema kwa hasira. Kifunguamimba wao ni mwalimu huko Nzega, na najua anawasimulia wanafunzi wake habari za baba yake na Burma. Akaweka bakuli chini akatoka.

Maulidi akanishika mkono, dawa ya viatu ikatupaka wote. Akasema kuna kitu kimoja sikuwahi kumfundisha. Ile nishani ya nne, nilipewa kwa lipi?

Ni kweli. Mengine yote nilimpa, hilo nikalizuia. Leo nimemwambia, na sikuwahi kumwambia mtu mwingine. Tulikuwa tumerudishwa nyuma na kijito kiko kati yetu na adui. Mwenzangu Petro, Mhehe, alibaki ng'ambo amepigwa tumboni. Nilivuka nikamfuata. Nilimbeba mgongoni, na nikiwa naye mgongoni ndipo lile bomu likanipata pajani, nikaendelea kumbeba. Njiani aliniambia, "Maulidi, usiniache." Nami nikamjibu, "Sikuachi." Maulidi, usiniache. Sikuachi. Waliponitua mzigo wakaniambia alikuwa amekufa kitambo. Kumbe nimekuwa nikijibu peke yangu.

Sikumpa kaka habari hiyo kwa sababu ya wivu. Petro alikufa akimwita Maulidi. Jina langu hakulijua. Niliona kwamba nikimsimulia, hata hilo litakuwa lake.

Maulidi alifumba macho, nikadhani amelala tena. Kisha akasema, "Mimi ningemwacha."

Nikamwambia usiseme hivyo kaka, hakuna ajuaye.

"Ningemwacha, Hamisi. Kila nikizivaa zile tatu nilikuwa najua. Ipeleke karatasi."

Nililia pale. Mtu wa umri wangu, mwenye kibanda chake na wateja wake, nililia kwenye shuka la mgonjwa mpaka nikalichafua kwa ule weusi wa mikononi. Hasira niliyoifuga miaka yote hiyo niliitafuta sikuiona, na badala yake hapakuwa na kitu. Wakati naondoka pumzi yake ilikuwa imebadilika mlio. Shemeji alinisindikiza hadi kwenye baiskeli, akasema nisiende mbali na watu, huenda wakanihitaji kabla ya mapambazuko.

Najua alichomaanisha. Kwetu maiti halazwi. Akiondoka alfajiri, tutamzika kabla ya swala ya Ijumaa, na wa kuingia kaburini kumpokea ni mimi, hana ndugu mwingine wa tumbo moja. Saa hizo hizo afisa atakuwa anafunga majalada yake.

Na karatasi itakuwa imekufa pamoja naye.

Sasa nisome vizuri mwenyewe hiki ninachokiandika. Nilipofika hapa Cheyo, kabla hata ya kunawa, nilimwambia Mama Asha: akija mtu wa Kwihara alfajiri, mwambie nimeshatoka, hujui nilikoelekea. Nisipopata habari, naweza kusimama mbele ya yule bwana mwenye miwani nikaapa kwamba nilimwacha kaka yangu hai, na nisiwe nimesema uongo. Mama Asha hakuniuliza kitu. Ameitikia tu, kisha akaniletea chakula.

Nimekaa hapa, karatasi ipo mezani ikiwa na madole yake mawili, moja la kuibiwa na moja la kupewa, na ukiyatazama hayana tofauti. Kila baiskeli inayopita barabarani naisikiliza kama itasimama.

Nilipomaliza kuswali magharibi nilibaki kwenye mkeka nikamwombea. Nilimwomba Mungu kwa machozi, sijapata kuomba hivyo tangu Burma, nikasema Ya Rabi, mfikishe kaka yangu saa sita ya kesho mchana, nakuomba, saa sita tu.

Nimeshasema amina ndipo nikagundua kwamba sikumwombea saa saba.