Upinde wa Mama wa Mti wa Mkole

Madungu,
Chake Chake, Pemba.
9 Agosti 2025

Mpendwa kaka yangu Masoud,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Nakuandikia nikiwa mzima, na wote waliomo nyumbani mwangu wazima, alhamdulillahi. Vipi hali yako na joto la Maskati? Wifi yangu Mwanawema yu hali gani, na lile goti lililokuwa likimsumbua limepoa? Juzi Nadhira alipopokea simu nilimwamkia nikidhani ni mama yake, kumbe mtoto keshakuwa mtu mzima. Mungu akukuzieni katika kheri.

Barua hii nimempa Bi Mwanamize, jirani yangu, anayekuja huko kumtazama binti yake. Najua utacheka kuona nimeshika kalamu ilhali simu ninayo. Lakini mimi, wewe na Mama tukiwa kwenye simu tunasema sote kwa pamoja, na maneno ya Mama ndiyo yanayopotea. Safari hii nataka usome mpaka mwisho, ndipo useme.

Kuhusu lile ulilonituma: Kengeja nilikwenda. Mama sikurudi naye. Usikasirike bado.

Sote wawili tulikubaliana kwamba tumbili wamemshinda na shamba aliache. Muhogo wanaung'oa kabla haujakomaa, ndizi wanazila mbichi. Wewe ukamtafuta Mabruki alikodi shamba, mimi nikasafisha chumba cha uani kwa ajili ya Mama. Tulimwonea huruma kwelikweli, lakini hapana kati yetu aliyeshinda naye shambani kutwa moja akaona anapambana na nini.

Kumbe lililomuumiza si muhogo peke yake. Tumbili hawamwogopi mwanamke. Jirani yake Pandu akitokeza mpakani tu, wanakimbilia mitini. Mama akipiga kelele na kurusha mawe, wanamtazama, kisha wanaendelea kumenya. Alitungika makopo kwenye kamba, wakayazoea. Akavaa koti na kofia ya marehemu baba. Siku ya kwanza walitoroka, ya pili nadhani walimjua kwa mwendo.

"Wananidharau, Rahma," aliniambia. "Ndani ya shamba langu mwenyewe!"

Mwaka jana alipokuja kwangu kutibiwa jicho, televisheni ilikuwa ikionyesha wanawake wakishindana kulenga shabaha kwa pinde. Mama akasogeza kiti chake mbele. Mwisho akaniuliza, "Ule si mti na kamba?" Nikamwambia ndiyo, nikaenda zangu jikoni kutazama mkate wa ufuta usiungue. Sikujua kuwa keshaamua.

Aliporudi Kengeja alikata mvinje mchanga, akaufunga kamba siku ile ile. Ulipinda vizuri sana, ila haukunyooka tena. Alipofungua kamba ukabaki umejikunja vivyo hivyo, hauna nguvu ya kurusha hata unyoya. Akaupikia chai.

Wa pili ulikuwa wa mpera. Huu aliuacha ukauke kwanza, kisha akauchonga pande zote mbili ili upendeze. Alipouvuta ukakatika, na kipande kimoja kikamchapa shavuni. Ile alama uliyoiona kwenye simu ya video, akakuambia alijikwaa mlangoni, ndiyo hiyo.

Hapa ndipo ninapomstaajabia mama yetu, Masoud. Mimi ningevitupa vile vipande na upinde nisiutaje tena. Yeye alikaa barazani, akavishika mkononi, akatafuta ufa ulipoanzia. Akaona kwamba mti una nyuzi zinazokwenda kwa urefu wake, na kwamba ulikatikia pale pale panga lilipozipasua zile nyuzi za mgongoni. Akafahamu kuwa ule mgongo, upande unaotazama mbele mtu anapovuta, haufai kuguswa kwa chuma. Unamenywa ganda tu. Kuchonga kote kuwe upande wa ndani, unaomwelekea mwenye kuvuta. Hayo hakuambiwa na mtu. Aliyasoma kwenye kuni.

Tena akaanza kutafuta mti wenyewe. Kila alipopita alikuwa akishika kitawi, anakipinda, anakiachia, anatazama kinavyorudi. Uliomridhisha ni mkole, ile mikole iliyoko bondeni ambayo vitunda vyake tulikuwa tukigombania mimi na wewe. Hakukata wa kwanza alioukuta. Alitaka ulionyooka, mrefu sawa na mikono yake miwili akiinyoosha, kidole mpaka kidole, mnene kama mkono wake chini ya kiwiko, na ambao japo upande mmoja hauna kifundo wala tawi. Alipoupata aliukata, akaumenya ganda, akapaka rangi ya mlango ncha zote mbili ili usipasuke, akaufunga kwenye ubao ulionyooka na kuuweka kivulini chini ya upenu. Ukakaa humo masika nzima.

Pandu alikuwa akipita akiuona, anacheka. "Bi Asya, mti huo umeuweka eda?"

"Ndiyo," Mama akamjibu. "Na eda ikisha utakuja kuuona."

Ilipokwisha mvua, aliazima tezo la kuchongea la huyo huyo Pandu. Katikati, pa kushikia, aliacha pana unene, akawa anapunguza kuelekea ncha. Tezo likafuatiwa na kisu, kisu kikafuatiwa na kipande cha chupa cha kukwangulia. Kila akipunguza kidogo anatia kamba, anavuta kidogo, anautazama mpindo wake. Panapojikunja kupita kiasi anapaacha. Panapokuwa pagumu, pamekaza, anapakwangua. Aliponisimulia nilimuuliza kwa nini hakumaliza mara moja. Akasema, "Mti unafundishwa kupinda, mwanangu. Ukiuvuta wote siku ya kwanza, unaona umeonewa."

Haya yote alinisimulia baadaye. Siku niliyofika nilikuwa sina habari. Nilishuka garini na mifuko mitupu ya kutilia nguo zake, nikapiga hodi, nikakuta nyumba kimya. Nikazunguka nyuma. Nikamwona amekaa juu ya kinu alichokilaza, kanga ameifunga kiunoni, upinde umelala mapajani mwake, unang'aa kwa mafuta ya nazi. Kabla sijafungua kinywa akaweka kidole mdomoni mwake kuninyamazisha.

Tumbili walikuwa wamekwishaingia. Mmoja, dume kubwa, alikuwa amekaa juu ya tuta, mashavu yamejaa, anamenya muhogo kama aliyealikwa. Alimtazama Mama, akanitazama na mimi, akatupa mgongo.

Mama akasimama polepole. Mshale wake ni bua la tete, na mbele ameuchomeka kipande cha gunzi la mahindi, maana alikuwa hataki kuua. Akavuta. Wallahi Masoud, nilifumba macho, maana nililiona lile shavu lake lenye alama na upinde uko karibu nalo. Nilichosikia ni kamba tu, kisha ukelele. Nilipofumbua, lile dume lilikuwa hewani. Limepigwa barabara kwenye tako! Muhogo huku, lenyewe kule, na kundi zima nyuma yake likikimbilia msituni.

Mimi nilikuwa nikipiga vigelegele peke yangu. Mama hakucheka. Alipitisha kiganja juu ya mgongo wa upinde, kutoka ncha hii mpaka ile, akitafuta ufa. Hakuuona. Ndipo akashusha pumzi, akaniambia, "Yule ndiye mkubwa wao. Sasa ananijua." Kisha akaiona mifuko niliyoishika, akauliza, "Na hiyo ya nini?"

Nikamwambia nimekuja kuchukua muhogo. Mungu anisamehe. Akaijaza yote.

Nilikaa naye siku kadhaa, na kila asubuhi nilimwona akitoka na upinde wake begani kama fundi anayekwenda kazini. Tumbili bado wanakuja hadi ukingoni mwa msitu. Lakini akisimama tu, wanarudi nyuma. Anatembea wima, kaka. Sikujua kwamba alikuwa ameanza kuinama mpaka nilipomwona amenyooka. Na Pandu, yule aliyekuwa akicheka, sasa anamwomba amchongee mkewe upinde.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Mpigie Mabruki wewe mwenyewe, maana ndiwe uliyezungumza naye, umwambie kwa uungwana kwamba shamba halikodishwi, mwenyewe yupo. Kile chumba cha uani kitabaki kisafi. Mama atakuja kulala siku anazotaka, na atarudi siku anazotaka. Na ukimpigia yeye, tafadhali usianze na habari ya kuhama. Muulize juu ya mti wake, kisha mwache aseme.

Nisalimie sana Mwanawema, na Nadhira, na wadogo zake wote. Haidar, mume wangu, anakusalimu, na anasema muhogo alioula safari hii hajapata kuula mfano wake. Pandu na mkewe nao wanakupa salamu. Mwenyezi Mungu akuhifadhini ugenini, aibariki riziki yenu, na atukutanishe sote tukiwa na afya na nyoyo safi.

Mama nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Nilidhani atakuwa na maneno juu ya mambo ya kumhamisha. Akaniambia, "Mwambie anyooshe mikono yake yote miwili, Mwanawema ampime kutoka kidole mpaka kidole. Nna mkole mwengine unakauka, na sijui amekuwa mkubwa kiasi gani."

Dada yako akupendaye daima,
Rahma