Usiku Saba wa Sadala

Jumamosi, 13 Juni 1998

Nigeria 3, Hispania 2. Nayatanguliza matokeo ili kesho nikiamka nisidhani niliota.

Tumetazama bandani kwa Amri, mfanyabiashara aliyetuletea Kibiti dishi na jenereta, na ambaye mwaka huu ametoa pia ng'ombe dume awe zawadi ya Kombe letu la timu za hapa wilayani. Juzijuzi tu tulikuwa watu wa redio. Kila mmoja akimchora mchezaji kichwani mwake apendavyo. Sasa biashara na nje imefunguliwa – Ufaransa iko ukutani kwa Amri, na jasho la watu tunaliona. Waliokosa nafasi walitazama nyuso za waliokuwa wakitazama, wakashangilia kwa kuchelewa kidogo tu.

Muuza mchele mmoja akataka kujua Wanigeria hawa huchezea timu gani za kwao. Nikamfahamisha kwamba karibu wote wamesajiliwa Ulaya: wanalala huko, wanakula huko, na Kombe la Dunia likifika wanarudi kuvaa jezi ya mama zao. Akasema basi kwa kanuni yangu mimi, hawa ni Wazungu. Banda zima likacheka.

Kanuni yenyewe ni hii. Mwaka jana Mafuriko, timu ya Ikwiriri (walijiita hivyo kabla ya mvua za elinino, na tangu mvua zile wanajiona kama ndio waliozileta), walituletea asubuhi ya fainali wanaume watatu wa Dar es Salaam. Wakatufunga. Jioni wanaume wale wakapanda lori lilelile na hawakuonekana tena. Mimi, nikiwa katibu wa kamati ya mashindano, na katibu wa timu yetu ya Kimbunga vilevile, nikaandika kwa mkono wangu Kanuni ya Tisa: mchezaji ataichezea timu ya mji wa mwisho ambamo amelala usiku saba mfululizo kabla ya siku ya kukabidhi majina. Niliisoma mbele ya kamati mara mbili, kwa utulivu. Mara ya pili walipiga makofi. Ni sentensi isiyo na tundu.

Jumatatu, 15 Juni

Tunisia imefungwa mbili na Uingereza. Nimeipokea habari hiyo kwa subira, kwa kuwa nyumbani palikuwa na habari nzuri zaidi.

Sadala amekuja. Huyu ndiye mshambuliaji wetu, mzaliwa wa Maparoni, aliyelelewa hapa Kibiti na mama yake, Bi Siti. Mabao kumi na moja mwaka huu. Manne kwa kichwa, naye si mrefu. Alikaa kwenye mkeka, akazungusha kofia yake mara nyingi, ndipo akasema anataka kuoa. Binti ni Muzdalifa, wa Mzee Abdulswamadu wa Ikwiriri, mkulima wa mpunga. Sadala hana baba wa kumpelekea posa.

"Mwalimu," akasema, "wewe ndiye mdomo wangu."

Nimekubali kuwa mshenga wake. Mtu aliyesomesha miaka thelathini na moja haombwi maneno mara mbili.

Alhamisi, 18 Juni

Kameruni wamepigwa tatu na Italia usiku. Nilisikia redioni alfajiri nikiwa navaa kanzu ya posa. Sikutaka kuichukulia kuwa dalili.

Ikwiriri walitupokea kwa heshima. Mzee Abdulswamadu ni mtu wa maneno machache, na mpira hajawahi kuutazama hata mara moja. Aliniuliza kwa upole kama ni kweli kwamba watu wazima huchoka makusudi. Nilipopewa nafasi nilisema kwa takriban nusu saa. Nilianza na asili ya ndoa, nikapitia mto na mashamba, nikahitimisha kwamba hatukufika kuondoka na binti pekee, bali kuwaletea mtoto wa kiume. Shangazi mmoja alilia. Mzee akafuta jicho moja.

Tarehe niliipendekeza mimi. Wao hawakutaka ndoa ifungwe kabla mwezi wa Safar haujaisha, kwa kuogopa nuksi. Mimi nilikuwa na fainali yetu na Mafuriko kichwani, Jumapili tarehe 5 Julai. Nikasema: Ijumaa ya tarehe 26. Fungate siku saba nyumbani kwa bibi harusi, kama ilivyo ada, kijana anatoka Ijumaa inayofuata, anabakiwa na siku mbili za kunyoosha miguu. Wote wakaafiki.

Palikuwa na jirani yao mmoja, Bwanaheri, ambaye ni katibu wa Mafuriko. Alinishika mkono tulipoagana. Alinishika muda mrefu kuliko posa inavyostahili.

Ijumaa, 19 Juni

Nigeria 1, Bulgaria 0. Pointi sita! Sina la kuongeza.

Ijumaa, 26 Juni

Ndoa imefungwa. Kanzu ya Sadala ilikuwa fupi, pilau ilikuwa nyingi. Baada ya sala Bi Kijakazi, kungwi wa Muzdalifa, mwanamke mwenye kifua cha golikipa, alimwingiza bwana harusi chumbani, akafunga mlango, akaketi nje mbele ya mlango na upepeo. Siku saba kijana yule hatatoka. Atakula tambi, kuku na maziwa, na Bi Kijakazi atamtunza.

Nilikuwa kwenye sinia, tonge mkononi, Bwanaheri akaja kuketi karibu nami. Akanisifu kwa hotuba ya posa, ambayo kumbe Ikwiriri wanaisimulia mpaka leo. Akanisifu kwa Kanuni ya Tisa. Kisha akaniomba, kwa adabu kubwa, nimhesabie usiku wa fungate.

Nikahesabu. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili…

Tonge lilikwama kooni. Ikabidi nipigwe mgongoni.

Usiku saba. Mfululizo. Ikwiriri. Na majina yanakabidhiwa Jumamosi tarehe 4. Timu za Dar es Salaam huibiana wachezaji kwa magari na vitisho. Mimi wangu nimempeleka mwenyewe, nimevaa kanzu, nikitanguliza salamu.

Jumatatu, 29 Juni

Denmark 4, Nigeria 1. Mechi ilikuwa usiku, mimi nimeipata kwa redio asubuhi. Kibiti nzima imenuna. Wanaojua kuhusu Sadala wamenuna mara mbili.

Kikao cha Kimbunga kimefanyika kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Bi Rukaiya, mlezi wa timu. Ilibidi tupige kelele kushinda mashine, kwa hiyo siri yetu imesikika hadi barabarani. Nilijenga hoja ya Wanigeria: kwamba mtu anaweza kulala Ulaya mwaka mzima na bado akawa wa kwao. Bi Rukaiya akanikumbusha kwamba hoja hiyo niliikataa mwenyewe mwaka jana, kwa dakika arobaini. Golikipa wetu akauliza kama kanuni haiwezi kufutwa. Kufutwa na nani? Waliobaki kwenye kamati ni wa Ikwiriri na Amri, na Amri hafuti kitu kilichopigiwa makofi bandani kwake.

Likabaki jambo moja. Kanuni inataka usiku saba mfululizo. Sadala akitolewa usiku mmoja tu, mfululizo unakatika, na mji wake wa mwisho unabaki kuwa Kibiti. Usiku mmoja. Lakini bwana harusi hatoki kwenye fungate. Akitoka, mji hauulizi habari zake, unauliza kasoro ya bibi harusi.

Bi Rukaiya hakutaka kusikia hayo. Alisema mama wa kijana akiugua, mtoto huenda kumwona, na hakuna mwenye kulaumu. Bi Siti ataugua Alhamisi.

"Wewe ndiye uliyemwingiza," akaniambia. "Kamtoe."

Jumatano, 1 Julai

Nimeandaa maneno. Homa imempanda Bi Siti ghafla, anamwita mwanawe kwa jina. Nimeyasema mbele ya kioo mara tatu. Ni maneno mazuri. Mke wangu Zabibu alipita na ndoo, akasimama, akaniuliza nani kafa.

Alhamisi, 2 Julai

Nimerudi. Mgongo unauma kwa lori, na si mgongo peke yake.

Nimefika Ikwiriri baada ya sala ya adhuhuri. Bi Kijakazi alikuwa pale pale mlangoni, na upepeo ule ule. Nikamwamkia, nikakaa, nikatoa habari kwa sauti ya chini inayofaa wagonjwa: homa kali, tangu jana usiku, hatambui hata mikono yake, na mwanawe lazima alale kwake usiku wa leo. Sikupata kuisema vizuri hivyo mbele ya kioo.

Bi Kijakazi alisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza. Kisha akageuza uso kuelekea uani akaita kwamba kuna mtu ameleta habari za mgonjwa.

Bi Siti, ambaye hakuna aliyemwambia kuwa anaumwa, akatoka jikoni. Mikono imejaa mafuta ya sambusa hadi viwiko. Alikuja tangu asubuhi kumsaidia mkwe mwenzie kupika chakula cha kutolea fungate.

"Nani anaumwa, Mwalimu?"

Nikasema: mtu mwingine. Akaniuliza mtu gani. Nikasema ni wa Mchukwi, hospitalini, hamjui. Akasema anawajua watu wengi wa Mchukwi. Nikawa namtafuta mgonjwa Mchukwi nzima, mtaa kwa mtaa, nisimpate. Wanawake wa uani waliacha vinu na kunitazama. Mmoja aliniletea maji bila kuombwa.

Hapo ikaja sauti ya Muzdalifa kutoka ndani ya mlango uliofungwa. Nilikuwa sijapata kumsikia. Ni sauti ya mtu aliyezoea kusema na mtu aliye ng'ambo ya shamba, lakini leo alisema taratibu.

"Shikamoo, Mwalimu. Mume wangu kaniambia habari za kanuni. Huo usiku mmoja, kwenu utaisha Jumapili filimbi ikilia. Mimi nitasemwa mpaka naingia kaburini."

Nilinywa maji, nikaaga. Bi Siti alinifungia sambusa sita kwenye gazeti, kwa ajili ya yule mgonjwa wa Mchukwi.

Nimezila njiani zote.

Ijumaa, 3 Julai

Fungate limetoka. Sadala alifika Kibiti kwa baiskeli kumsalimu mama yake, akapitia kwangu. Amenawiri. Shavu limejaa, sijui kama ataruka tena kupiga kichwa. Alisema atavaa jezi atakayopewa na kamati, ya Kimbunga au ya Mafuriko, na kwamba mpira ni mpira. Aliomba jambo moja tu: kesho, katika kutetea timu, nisiseme neno la kuwafanya watu wamcheke mkewe.

Nikamwambia maneno yangu siku zote yana staha. Akachukua baiskeli yake, akaondoka.

Jumamosi, 4 Julai

Kikao cha kukabidhi majina. Darasa la tano, shule yetu. Mwenyekiti Amri. Orodha mbili mezani, na jina la Sadala limo kwenye zote mbili. Nje wamejaa watu wa pande zote. Wengine wamepanda juu ya tangi la maji.

Bwanaheri alisimama akaisoma Kanuni ya Tisa kwa sauti, akaiita kazi ya msomi. Akahesabu usiku saba kwa vidole akivielekeza kwangu. Akaketi. Amri akasema kwamba kwa kuwa mwandishi wa kanuni yupo hapa, na yu hai, yeye ndiye atakayeieleza. Na atakavyoieleza ndivyo kamati itakavyofuata.

Hilo nililitarajia. Njia nilikuwa nimeiona tangu juzi ndani ya lori. Kanuni ilikusudia wenyeji, si wageni. Aliyelala mahali kama mgeni hakuhesabiwa kuwa amelala. Msafiri akilala gesti Ikwiriri wiki nzima hawi mtu wa Ikwiriri. Ni hoja imara. Kamati ingeikubali – Amri alikuwa ameshaanza kuitikia kwa kichwa, nami nimefika kwenye neno "mgeni" la kwanza tu.

Ndipo mlango ukafunguliwa, Mzee Abdulswamadu akaingia. Watu walimpisha. Hakuna aliyewahi kumwona mahali panapozungumzwa mpira. Alitafuta pa kukaa, akaingia kwenye dawati la watoto, magoti yakamfika kidevuni, na hakuna aliyethubutu kucheka. Alikuwa amelisikia neno langu dirishani.

"Mshenga," akasema. "Unifahamishe. Siku saba hizi nilimlaza mgeni na binti yangu?"

Bwanaheri aliinamisha uso kuficha meno. Amri alinitazama. Nikaomba dakika tano nikanywe maji.

Naandika haya darasa la nne, upande wa pili wa ukuta. Maji sijayanywa; orodha yetu nimetoka nayo. Ninazo kichwani sentensi tatu. Zote nzuri, zote zinashika sheria, na kila moja inamrudisha Sadala Kibiti. Katika kila moja yumo mgeni ndani ya chumba cha Muzdalifa. Nimezipindua huku na huku. Mgeni hatoki.

Kupitia ukutani namsikia Mzee akikohoa. Watu wa kwetu wanaimba jina langu huko nje, kwa kuwa wanajua nikipewa dakika tano sijawahi kushindwa.

Saidy, mchezaji wetu wa akiba, alikuwa ameegemea dirisha hili akila muwa. Hajapata kuanza mechi hata moja. Nimemwita, nimemwambia atupe muwa, aende nyumbani akale ugali na alale mapema. Akaniuliza kwa nini. Nimeweka kalamu juu ya jina la Sadala. Amenitazama, ametazama orodha iliyo mkononi mwangu, ameufuta mdomo taratibu.

Amri anagonga meza. Wananiita.