Cheti cha Juu ya Redio

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla mama hajakunyang'anya karatasi hii, naye mpe shikamoo yake. Natumaini barua inawakuta wazima, magoti yako yametulia, na kitindamimba wetu ameacha kuchora kwenye mlango wa choo. Mimi sijambo. Nakula, nalala, na kile kitanda cha juu nilichokuwa nakiogopa tumeshazoeana.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati juzi tulizungumza kwenye simu. Baba, kwenye simu mama hudakia, nawe ukifurahi humwachi mtu amalize sentensi. Haya ya leo yanataka ukae kitini na miwani yako machoni.

Nianze na mtihani. Hapa chuoni, ukitaka kusoma lugha yoyote ya Asia, hupewi darasa mpaka upimwe unajua kiasi gani. Asiyejua kitu anaanza la kwanza, anayejua anarushwa mbele. Tuliingizwa ukumbi mmoja, sisi wa Kichina, wa Kijapani na wa Kikorea, kila kundi na safu yake, juu yetu feni moja inayolalamika. Mwenzangu wa chumbani alikuwa amepanga kujifanya mbumbumbu wa Kijapani ili apangiwe darasa rahisi, ajichumie alama bila jasho. Akajaza majibu ovyo, macho kayafumba. Kwa bahati yake mbaya ovyo yake ikaangukia kwenye majibu sahihi. Wamemweka la tatu, na tangu siku hiyo analia huku akinimalizia biskuti.

Mimi nilikaa kichwa kimevimba. Mtoto wa mwashi aliyejenga barabara na Wachina miaka sita, niliyesikia Kichina cha baba yangu tangu natambaa, nani wa kunitisha? Nikafungua karatasi. Maswali arobaini, baba, na maandishi niliyoyatambua ni yale tu uliyonionyesha kwenye mifuko ya saruji: hatari, weka pakavu, usivute sigara. Nilipata matatu.

Mtihani wa kuzungumza ndio ulioniokoa, ingawa aibu yake sitaisahau. Mtahini ni mama wa makamo, nywele fupi, uso hautaki mchezo. Alinionyesha picha ya familia iliyokaa mezani, akaniambia nieleze ninachokiona. Nikamwambia bila kigugumizi kwamba watu hawa wamepumzika mapema, zege litaganda, na nani kawaruhusu kuvua kofia ngumu? Akauliza ningemkaribishaje mzee aliyekuja nyumbani kututembelea. Nikasema ningemwambia asimame pembeni, gari linarudi nyuma. Alicheka mpaka akavua miwani na kuipangusa. Akasema matamshi yangu ni safi kabisa, ila nazungumza kama nyapara, na angependa kujua nimelelewa wapi.

Hapo nikakumbuka agizo lako, kwamba walimu wangu wa Kichina wakione cheti chako. Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya cheti chako, kile kilichotundikwa ukutani juu ya redio kwenye fremu ya rangi ya dhahabu. Nikamsimulia kama unavyowasimulia wageni: kwamba kambi ilipofungwa ulikuwa kitandani na homa, nyapara wako Mchina akaondoka hamjaagana, dereva akakuletea bahasha yenye karatasi ya Kichina na muhuri mwekundu chini. Nikamwambia kinakutaja kuwa fundi hodari. Sikumwambia kwamba sifa zake huongezeka kila anapokuja mgeni, na kwamba mara ya mwisho kilikuwa kimefikia fundi bora wa kambi nzima.

Akaikuza picha kwa vidole, akasoma. Akarudia tena kuanzia juu. Kisha akaniuliza taratibu kama baba yangu aliwahi kumpa mtu amsomee. Nikasema hapana, ya nini, si muhuri unaonekana? Akanieleza kwamba ule si muhuri wa kampuni. Ni muhuri wa mtu binafsi, wenye jina lake mwenyewe, aliougonga mahali ambapo sisi tungetia sahihi. Baba, kile si cheti. Ni barua, na umeandikiwa wewe.

Sasa shika kiti. Unaukumbuka ule ukuta wa daraja uliobomolewa mbele ya wafanyakazi wote, ukalaumiwa wewe kwamba umeujenga upande. Ule ambao mpaka leo unasema huelewi ulikosea wapi. Ndio unaokufanya upime kila kitu mara tatu. Hata kabati la mama ulilipima mara tatu, na bado likagoma kupita mlangoni. Nyapara wako anasema hukukosea. Vipimo alivikosea yeye kabla hajakukabidhi. Aligundua jioni ileile, akawaogopa wakubwa wake, akanyamaza, nawe ukabeba lawama. Alitaka kukuambia uso kwa uso siku ya kuondoka, lakini hukutokea, akadhani umemsusa. Anasema hajapata kufanya kazi na mikono sahihi kama yako. Anakuomba msamaha. Chini ameandika anwani ya kijijini kwao, na anasema atangoja jibu.

Miaka kumi na mitano, baba! Jibu la ulichokuwa ukijiuliza lilikuwa juu ya redio, mama akilipangusa vumbi kila Jumamosi. Nililia palepale, na yule mama mwenye uso usiotaka mchezo akanipa leso yake.

Naomba sasa nikiri kosa langu. Juzi nilikuambia nimepangiwa darasa la tatu, na najua kinyozi na fundi viatu wameshapata habari. Nilidanganya, nisamehe. Ukweli ni kwamba mtahini alinipa nichague. Naweza kwenda la tatu kwa sababu ya mdomo wangu, nimalize chuo mwaka mmoja mapema, nawe uache kupanda jukwaani na ndoo za zege. Au niende la kwanza, nikae na wasiojua hata kusalimia, nijifunze kusoma na kuandika tangu mwanzo. Nimechagua la kwanza. Ule mwaka uliokuwa ukiutegemea umepotea, na naumia nikiyafikiria magoti yako. Mtahini alijitolea kumwandikia nyapara wako jibu lote yeye mwenyewe. Nikamkatalia. Nilichomruhusu ni kupeleka mstari mmoja tu, kwamba barua ilifika. Yaliyobaki ni yetu. Likizo nitakuja niishushe ile fremu, nikusomee mwenyewe kwa kidole changu, neno kwa neno, halafu wewe utasema na mimi nitaandika.

Mpaka siku hiyo msiitoe ukutani. Wageni wakiuliza, waambie ni cheti. Safari hii hutakuwa umeongeza chumvi hata kidogo.

Nisalimie mama, mwambie leso niliyopewa nimeifua na kuirudisha. Nisalimie kitindamimba na wote wanaoniulizia. Nawe, baba, anza kufikiria utamwambia nini rafiki yako. Herufi niachie mimi. Maneno ni yako, na usiyapime mara tatu.

Ni mimi binti yako,
wa darasa la kwanza