Nimeitika, Mama

Machimboni, Geita

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninaamini barua hii itakukuta mzima hapo Didia, goti limepoa na mtama umeingia ghalani. Mimi ni mzima wa mwili. Nawe dada yangu Vumilia, najua ni wewe unayemsomea mama. Soma taratibu, na usiruke mahali utakapoona anakunja uso.

Nimeandika, mama, kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Nikigusa habari za kanisa unasema mtandao unasumbua, minara yote ya Shinyanga unaisingizia. Tena kwenye simu hujawahi kunitaja jina hata siku moja. Unaanza tu, "Ni wewe?" Sababu naijua. Simu ni sauti isiyo na mtu, na mimi nimebeba jina la babu.

Sijasahau ulivyonilea. Babu Mageni aliitwa na asiyeonekana, akaitika, akatoka nje ya boma, na asubuhi akakutwa kisimani amekufa. Nami nilipozaliwa nililia mpaka nilipopewa jina lake ndipo nikanyamaza. Tangu hapo mwiko wa nyumba yetu ukawa huo: Mageni haitiki asiyemwona. Shuleni nilichapwa kwa kutoitika nilipoitwa kutoka nyuma. Wewe ukinihitaji ulivuka shamba zima la pamba, ukanishika bega kwanza, ndipo ukasema jina. Watoto wengine waliitwa kula kwa kelele, mimi nilifuatwa kama mgeni rasmi. Nilikupenda kwa hilo, mama, na kwa hilo hilo nilikua na hofu.

Dereva wa Isaka amenifikishia agizo lako, kwamba nirudi upesi nioshwe kwa dawa na mbuzi achinjwe kwa babu. Umeambiwa niliitika shimoni, na mganga wa huku ametamka kwamba mvua zikirudi hazitanikuta. Kuhusu kuitika, uliyoambiwa ni kweli.

Ilikuwa mwezi wa nne. Mvua ililegeza udongo, na yale magogo yanayoshikilia kuta za duara, shimo letu la dhahabu, yakaachia. Wote tulitoka isipokuwa Sostenes, yule rafiki yangu wa Bukombe uliyempikia michembe ya viazi akamaliza chungu. Tuliita sana, chini kukawa kimya. Wenzangu wakasema amekwisha, na maiti haitolewi mpaka mganga aje kulisafisha duara. Tukakaa. Hapo nikasikia kutoka chini, "Mageni." Niliwatazama usoni mmoja mmoja, hakuna aliyefungua mdomo, wala aliyeonekana kusikia. Ikaita tena. Mama, miguu yangu ililowa na haikuwa mvua.

Ujue kwamba kwa muda mrefu nilikuwa nikisali kanisani kwa Mchungaji Evance kwa kujificha. Nilikaa karibu na mlango, Biblia niliificha kwenye mfuko wa unga, na mkononi nilibaki na bangili ya babu. Nilikuwa na mguu huku na mguu kule. Ilipoita mara ya tatu nikasema moyoni, Yesu, kama ni wewe, naitika. Na kama si wewe, nishike. Kisha nikapaza sauti, "Naam! Nipo, nakuja!" Nikashuka. Wenzangu, sijui kwa aibu au kwa huruma, wakanifuata. Tulimkuta Sostenes amebanwa na gogo, anapumua.

Tangu siku ile watu hawanywi na mimi kikombe kimoja, wanasema nimejitoa badala yake. Mchungaji alinituliza kwamba aliyeita alikuwa Sostenes, basi. Akanisomea na habari za yule mtoto wa hekaluni aliyeitwa na Mungu akadhani ni mzee wake. Nikamjibu kwamba mtoto yule alikuwa na bahati, alikuwa na mzee wa kumkimbilia. Mimi mzee wangu ni babu, na ndiye ninayemwogopa.

Jumapili iliyopita nimebatizwa. Ilikuwa lamboni, mchana kweupe, machimbo yote yakitazama. Bangili nimeivua, sikuitupa. Imo humu ndani ya bahasha, ipokee, ni ya wazee na si yangu tena. Jina jipya sikutaka. Desturi yao ni kwamba mchungaji anatangulia majini, anakuita, nawe unaitika ukiwa ukingoni na kumtaja unayemwamini. Jua lilinipiga machoni, sikumwona. Akaita, "Mageni!" Na papo hapo, mama, nikasikia jina lile lile nyuma yangu, vichakani. Ulimi ukagoma. Wachimbaji wakaanza kucheka. Nilitamani uwepo unishike bega. Sikugeuka. Nikasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "Naam! Namwamini Yesu Kristo, ndiye Bwana wangu," nikaingia majini.

Sasa nikuambie nisilomwambia hata mchungaji. Kabla ya ubatizo nilikwenda hospitali kumwona Sostenes, nikamtania kwamba jina langu amelichakaza kwa kuliita. Hakucheka. Alisema hakuniita. Mdomo wake ulijaa udongo, alikuwa ameshakata tamaa, na kilichomzindua ni sauti yangu ikisema nipo, nakuja. Nilisimama pale ukingoni nikilijua hilo.

Basi sijui ilikuwa sauti ya nani. Ila aliyemwita babu alimpeleka kufa, na aliyeniita mimi alinipeleka kwa mtu aliye hai. Hao hawawezi kuwa mmoja. Imani yangu imesimama hapo, ingawa bado naogopa, na jina bado nalisikia. Mvua zikinichukua, zitamchukua mtu wa Kristo. Kuoshwa kwa dawa sitakuja.

Nisalimie Mama Agatha na majirani wote, na Vumilia ajipe salamu zake mwenyewe, amesoma vizuri.

Pamba ikishavunwa nitakuja nyumbani. Ukiniona nimetokea kule mwisho wa shamba, mayu, mama yangu, usinifuate. Simama mlangoni uniite jina langu kwa nguvu zako zote. Nitasimama hapo hapo mpaka uniite.

Ni mimi mwanao,
Mageni