Majina Yaliyozidi Nafasi

Maisaka, Babati
4 Machi 2012

Mpwa wangu Xaveria,

Nimekuficha jambo kwa miaka tisa. Wakulima wa Sigino walikosa mbegu za msaada, lakini si kwa sababu uliandika majina yao vibaya. Nilikusingizia hivyo kikaoni nikijua si kweli.

Hujambo? Mwanao Kindness hajambo? Mimi figo zimechoka. Tangu mke wangu afariki, redio ndiyo inayonisemesha. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Kosa lilikuwa ndani ya programu yetu ya kompyuta, ile ya orodha ya mbegu. Ilizidisha idadi ya wakulima kwa ukubwa wa kila rekodi, yaani jina la mkulima mmoja na habari zake, ili iombe nafasi ya kuyaweka kwenye kompyuta. Jibu lilipopita namba ambayo mashine ile iliweza kushika, hesabu ikarudi karibu na sifuri, kimya kimya. Ikaomba nafasi ndogo, ikamwaga humo majina yote. Yakafunikana, ya Sigino yakapotea.

Nisamehe.

Mjomba wako,
Nestory

Sigino
19 Machi 2012

Shikamoo Mjomba,

Sisi wazima, tunapalilia. Pole kwa figo.

Umenitoa kosa moja ukanitwika jingine, maana programu niliiandika mimi. Sokoni walinicheka: "Mama Kindness, kompyuta yako imeshiba mbegu zetu?" Nikaacha kazi.

Lakini nakumbuka niliweka ukaguzi: kabla ya kuzidisha, gawa namba kubwa kabisa ambayo mashine inashika kwa ukubwa wa rekodi, idadi ikizidi jibu, simama. Baada ya balaa nilifungua programu, haukuwemo. Tangu hapo sikiamini kichwa changu. Hata mlango nikiufunga, narudi kuusukuma.

Niliuweka, au niliota?

Mpwa wako,
Xaveria

Maisaka
2 Juni 2012

Mpwa wangu,

Marahaba. Kilichonichelewesha si ugonjwa. Anayeandika ni Antonia, jirani yangu. Mkono wangu hautulii tena. Nimemwomba asiruke neno.

Siku wageni wa mkoa walipokuja kuiona programu, wewe ulikuwa umemfuata Kindness shuleni. Nikaingiza orodha nzima. Mashine ikaandika, "Idadi imezidi," ikasimama. Mgeni mmoja akacheka: "Mzee, hii imegoma kama punda!" Mkoa ulikuwa mpya, kila mtu anataka kuonekana. Nikaomba dakika chache. Nilipoiwasha tena ilipokea majina yote bila kelele, wakapiga makofi.

Uliuweka, Xaveria. Niliufuta mimi.

Mjomba wako